Matanga ya Kiboko Aliyekuwa Hai

Hadithi iko mlangoni.

— Ifungulieni, iingie.

Imetoka mbali, miguu yake ina vumbi.

— Ipeni maji, iketi.

Ikiketi haiondoki upesi.

— Na sisi hatuna safari.

Basi sikilizeni. Ninaisimulia kama ilivyosimuliwa nyumbani kwetu na bibi yangu mzaa baba, ambaye naye aliipokea kwa shangazi yake. Wako wanaosema kwamba aliyekwenda safari hii ni Sungura. Si kweli. Sungura ana hadithi nyingi, hii si yake. Aliyekwenda ni Pimbi, tena pimbi wawili, tena watoto.

Hapo zamani, pimbi waliishi juu ya kilima kilichoitwa Jiwe la Ukungu. Asubuhi ukungu ulifunika nchi yote ya chini, na pimbi wakabaki juu peke yao, kana kwamba dunia ni mawe yao na mbingu, basi. Walikula majani, walikula makuyu, waliota jua. Na kila msimu, asubuhi moja, walikuta chumvi imewekwa chini ya kilima juu ya jiwe bapa. Waliilamba, wakashukuru. Babu Pimbi alisema, "Bwana Kiboko ametukumbuka." Hakuna aliyeuliza imebebwa na nani, wala imepita njia gani.

Mwaka mmoja chumvi haikuja. Walishuka wakatazama, jiwe tupu. Wakashuka tena siku nyingine, jiwe tupu. Na mwaka huo mke wa Pimbi alikuwa amejifungua mapacha. Akanyonyesha, akanyonyesha, mwisho maziwa yakaanza kumkauka. Mapacha walinyonya wakaambulia hewa. Walilia usiku na mchana, kilio chembamba kama cha mbu, halafu wakaanza kulia kidogo, na hicho kilio kidogo ndicho kilichomtisha mama yao.

Babu alisema mwili wa mama umeishiwa chumvi, na bila chumvi maziwa hayatarudi. Akawaita wajukuu wake wakubwa, Mwavita na mdogo wake Ndaro. Akawaelekeza njia ya mbuga ya chumvi, na akawaambia wakifika waseme tu, "Sisi ni watu wa Jiwe." Bwana Kiboko ni muungwana, atawapa. Mama aliwafungia makuyu makavu ndani ya kifuko cha gome. Aliwatazama tu, mmoja, kisha mwingine, kisha kifuko.

Wakashuka. Wakaingia ndani ya ukungu.

Ndaro alitaka kumshika dada yake mkia asije akampotea, akakumbuka pimbi hawana mkia, akamshika sikio. Wakatembea hivyo, tapu-tapu, tapu-tapu, wasione ardhi wala mbingu. Ukungu ulipotoka, walijikuta kwenye nchi tambarare isiyo na jiwe hata moja la kusimamia. Jua likapanda, na nchi ikaanza kuelea. Kule mbali twiga walitembea bila miguu. Maji yaling'aa, wakayakaribia, maji yakahamia mbele. Mwavita aliota huku anatembea, na alipozinduka alikuta bado anatembea. Hawakujua tena kama ni wao wanaokwenda, au ni nchi inayopita chini yao wakiwa wamesimama.

Wakatembea, wakatembea, tapu-tapu, tapu-tapu.

Ndipo wakaona msafara. Walikuwa panya buku, mmoja nyuma ya mwenzake, wamefungamana kama uzi wa kijivu. Mashavu yao yalikuwa yamevimba, kama watu wenye jino bovu pande zote mbili. Mbele alikuwa bibi mmoja mzee, mkia wake mweupe nusu.

Mwavita alikuwa mtoto aliyefundwa. Akasogea pembeni ya njia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Mm," alisema yule bibi.

"Habari za safari?"

"Mm."

"Mnakwenda mbugani, Bibi?"

"Mm."

Wakapita, mmoja mmoja, tapu-tapu, mm, tapu-tapu, mm. Mwavita akabaki amesimama na salamu zake. Ndaro alisema watu hawa wana kiburi. Kule Jiweni, asiyeitikia salamu alihesabiwa kuwa hakulelewa, na kwa muda wote waliofuatana nao njiani watoto wale waliamini wanatembea na watu wasiolelewa. Ndaro akaanza kuwaiga. Alijaza mashavu upepo, akatembea nyuma yao akisema "Mm. Mm." Panya buku mmoja kijana aligeuka akamtazama. Macho yake yalijaa maji, lakini mdomo hakuufungua. Akageuka, akaendelea kutembea.

Mwavita aliyaona macho yale. Hakuyaelewa, ila tangu hapo alimkataza mdogo wake mchezo ule.

Wakatembea, wakatembea, tapu-tapu, tapu-tapu. Mpaka asubuhi moja ardhi ikawa nyeupe. Nyeupe kwa mbele, nyeupe kwa kando, na mbingu yenyewe ikiwa nyeupe juu yake, hata Ndaro akauliza kwa sauti ndogo kama wamekufa. Mwavita akamfinya. Ndaro akalia, wote wawili wakaridhika kwamba wako hai.

Katikati ya weupe ule palikuwa na lundo la chumvi. Na juu ya lundo amelala Kiboko.

Zamani hizo Kiboko hakuwa mtu wa majini. Aliishi nchi kavu kama mimi na wewe. Aliambiwa na nani sijui kwamba chumvi hulainisha ngozi, akaifanya kitanda. Na lundo lile alilirundikisha juu ya jicho la chemchemi, ili mwenye kiu naye apitie kwake. Alikuwa mkubwa sana. Alipokoroma, grrruuu, grrruuu, punje za chumvi ziliporomoka kutoka kileleni kama mchanga.

Msafara ukasimama mbele ya lundo. Kiboko akafumbua jicho moja.

"Aaa," alisema.

Panya buku wote wakafungua midomo. Chumvi ikamwagika kutoka mashavuni, pwaa, pwaa, pwaa. Kiboko akashusha pua yake, akachungulia kila mdomo, akanusa kila ulimi kuona kama kuna aliyemeza. Aliporidhika, akalala tena.

Hapo ndipo yule bibi mzee alipogeuka. Mashavu yake matupu yalining'inia kama mifuko iliyopinduliwa. Ndani yalikuwa mekundu, yamepasuka. Akawafuata Mwavita na Ndaro walipokuwa wamesimama.

"Marahaba, wajukuu zangu," alisema. "Habari za safari ni njema. Na ndiyo, mbugani ndiko tulikokuwa tunakuja. Sasa nimejibu zote. Nisameheni, anayefungua mdomo njiani huhesabiwa amemeza."

Ndaro aliinama akaanza kutazama miguu yake. Aliitazama muda mrefu, kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza.

Bibi yule aliitwa Bi Mashavu. Mdomo wake ukishakuwa mtupu alipenda sana kuzungumza, na aliwaeleza mambo yote wakiwa wamekaa kwenye kivuli cha shimo lake. Weupe wa ardhi ile ni magadi machungu yasiyolambika. Chumvi yenyewe huchimbwa mbali, nje ya mbuga, na panya buku, hubebwa na panya buku, hutemwa hapa na panya buku, na Kiboko huilalia. Aliyemeza hupelekwa machimbo ya mwisho, kwenye ardhi ngumu, na wengi huko hawarudi. Kidogo cha lundo lile Kiboko huwapelekea watu wa mawe, maana watu wa mawe wana sauti kali na macho ya mbali, na ni vizuri wakiwa wanamsifu. Na nani hukipeleka? Bi Mashavu aligusa mashavu yake. Mwaka huu Kiboko amenenepa, kitanda hakimtoshi, ndiyo maana hakupeleka.

Mwavita aliuliza kwa nini hawakatai.

Bi Mashavu alicheka. "Mjukuu wangu, anayetaka kukataa lazima afungue mdomo."

Wakati huo mtoto mdogo wa panya buku alitoka shimoni. Miguu yake ilikuwa imepinda, ikitetemeka. Akamwendea Ndaro moja kwa moja, akamkumbatia mguu, akaanza kuulamba.

"Dada," alisema Ndaro, "huyu mtoto ananilamba."

Bi Mashavu aliona haya. Akamvuta mjukuu wake akaomba radhi. Alieleza kwamba mtoto hana nia mbaya, ila jasho la watu wa Jiwe lina chumvi, na mtoto tangu azaliwe hajaionja. Ndaro alibaki amesimama bila kusogea. Kisha akaunyoosha mguu wa pili.

Jua lilipoinama, Mwavita akaenda mbele ya lundo. Alisema alivyofundishwa kusema: wao ni watu wa Jiwe, mama yao amekauka maziwa, wanaomba chumvi kidogo. Kiboko alimsikiliza vizuri, kwa upole mkubwa. Akasema chumvi ipo. Mama atalamba mpaka achoke, mwaka huu na miaka yote. Ila yeye amezeeka, hawezi tena kunusa kila ulimi. Mwavita amwachie huyu mdogo wake. Atakaa juu ya lundo, akimwona panya buku anameza, apige ule mluzi wao wa pimbi, fiii. Kazi nyepesi, ya kukaa, na kulamba ni bure.

"Nipe mpaka kesho, Bwana," alisema Mwavita.

Msidhani alikuwa anafikiria hila. Hapana. Nyumbani kwetu sehemu hii haikurukwa: Mwavita alikuwa anafikiria kukubali. Aliona mapacha, alisikia kile kilio kidogo. Alimweleza Bi Mashavu, na Bi Mashavu hakukasirika. Alimwambia akubali. "Mama ni mama," alisema. "Na Ndaro ana huruma, atakuwa anapiga mluzi taratibu."

Maneno hayo yalimuumiza Mwavita kuliko kama angetukanwa. Alilala akiwa ameyakumbatia. Akaota mbuga nzima imegeuka mdomo mmoja mweupe uliofumbwa, nao wanatembea juu ya ulimi wake, na ulimi unataka kusema. Alipoamka, ukungu mwembamba ulikuwa umelala juu ya mbuga, na akili yake ilikuwa imetulia kama maji asubuhi.

Akaenda mbele ya lundo. Safari hii hakuinamisha kichwa.

"Umeamkaje, Bwana Tumbo?"

Panya buku waliokuwa karibu walijibanza chini. Kiboko alifumbua macho yote mawili. Aliuliza ameitwa nani.

"Bwana Tumbo," alisema Mwavita. "Mbona unashangaa? Kumbe hujui sisi pimbi na ninyi viboko ni watani? Babu zetu walipigana vita, wakachoka, wakapatana. Tangu hapo tunataniana."

Alikuwa anaikumbuka habari hiyo vizuri sana, maana ndiyo kwanza alikuwa ameitunga.

Kiboko hakuwahi kuwa na mtani. Wakubwa wa namna yake hawanao, wana wa kuwasifu tu. Akauliza, kwa wasiwasi kidogo, mtani anapata nini.

Mwavita alimweleza. Mtani huchukua cha mtani wake bila kuomba, na mwenyewe hakasiriki. Hucheka tu. Akikasirika, hutozwa faini ya kila alichobakiza.

Kiboko alitazama kifuko cha gome kilichokuwa shingoni mwa Ndaro. "Hata hicho?"

"Hata hiki."

Kiboko akanyoosha shingo, hamm, akameza makuyu yote pamoja na kifuko. Ndaro alifungua mdomo alie, maana kile kilikuwa chakula chao cha kurudia. Mwavita akamfinya. Wakacheka wote wawili, hi-hi-hi, machozi yakiwatoka.

Kiboko alipendezwa mno. Aliwaza makuyu yote ya Jiwe la Ukungu, majani yote, vivuli vyote, na wenyewe wakicheka. Akasema utani ni jambo jema la kudumisha mila. Akamwita Korongo, ambaye alikuwa amesimama kwa mguu mmoja akitafakari, awe shahidi. Kiboko akaapa: akikasirika na mtani wake, atozwe alichobakiza. Mwavita naye akaapa hivyo hivyo. Korongo akashusha mguu wake wa pili kuonyesha kwamba amesikia.

Hapo Mwavita akaanza kusikitika. Kiboko akamuuliza anasikitikia nini.

"Nasikitika kwa kuwa uko hai," alisema Mwavita. "Ungekuwa umekufa ungetajirika sana."

Akamweleza taratibu, huku amekaa karibu na sikio lake. Panya buku wana chumvi waliyoificha. Kila shimo lina yake. Kwa kunusa ndimi hataipata milele. Lakini nani atakwenda matangani mikono mitupu? Mkubwa akifa, kila mtu huleta ubani, na kila mtu hutoa alichoficha, kwa sababu ya aibu. Naye Mwavita, akiwa mtani, ndiye mwenye haki ya kusimamia mazishi. Bwana Tumbo alale tu, afumbe macho, watu wamlilie. Sharti ni moja. Marehemu haongei, marehemu hafumbui macho. Marehemu akifumbua jicho, ubani hurudi kwa walioleta.

Kiboko alifikiri kwa muda mfupi sana.

"Nife lini?"

"Ukiwa tayari," alisema Mwavita.

Kiboko akalala chali juu ya lundo, akafumba macho, akafa.

Mwavita alipiga mluzi wa msiba, fiiii, fiiii, mrefu, ukapita juu ya mbuga yote. Panya buku wakatoka kila upande. Hawakuamini. Walikuja kwa kunyata, wakamzunguka. Mwavita hakuwaeleza mengi. Aliwanong'oneza kwamba mzigo wa leo haubebwi kuletwa, unabebwa kuondolewa, na waanzie chini.

Ikawa tapu-tapu, tapu-tapu, wanakuja. Ikawa kwe-kwe-kwe, wanachota. Ikawa tapu-tapu, tapu-tapu, wanakwenda. Kiboko akiwa amefumba macho alisikia nyayo, akatabasamu.

"Wanaleta?" alinong'ona.

"Marehemu haongei," alisema Mwavita. "Lakini kwa kuwa ni mtani wangu nitakuambia. Hizo nyayo zinazokuja ni za wanaoleta. Na hizo zinazokwenda wanarudi kufuata nyingine."

Sasa, mnajua kazi ya watani msibani. Ndaro akapanda juu ya tumbo la marehemu, akaanza kumwigiza. Alitembea kama Kiboko, matako huku, matako kule. Alifungua mdomo akasema "Aaa," akachungulia mdomo wa kila aliyepita, akanusa, akajifanya kuzimia kwa harufu. Mjukuu wa Bi Mashavu akacheka. Mwenzake akacheka. Kicheko kikaanza kupita kwenye msafara kutoka mbele kwenda nyuma, na kwa kuwa walikuwa wamejaza mashavu, kilitokea puani, fuf, fuf, fuf. Chozi la hasira likamtoka Kiboko.

"Marehemu analia," alisema Ndaro.

"Mwacheni," alisema Mwavita. "Anajililia mwenyewe. Ni haki yake."

Kisha Ndaro akaanzisha wimbo, na wote waliokuwa wamekwisha tua mizigo wakaitikia:

Kalala Bwana Tumbo,
— kalala.
Kalala juu ya vyetu,
— kalala.
Mshusheni polepole,
— kalala.
Kitanda chake kinakwenda,
— kalala.

Kiboko alihisi anashuka. Akanong'ona kuuliza mbona anashuka. Mwavita akamjibu kwamba maiti yoyote inayozikwa vizuri hushuka, haijawahi kusikika maiti inayopanda. Jibu hilo lilimridhisha. Akashuka, akashuka, wimbo ukimbembeleza, jua likimpiga kope zikawa nyekundu kwa ndani. Akaanza kuota. Aliota lundo lake linapanda hadi kugusa mawingu. Na kadiri lundo lilivyopungua chini yake, ndivyo lilivyokua ndotoni mwake. Nao watoto wa panya buku, kwa mara ya kwanza, walikuwa wamekaa midomoni mwa mashimo yao wanalamba, wamefumba macho, kimya.

Ubaridi ndio uliomwamsha. Chumvi ya mwisho ilikuwa imeondoka, jicho la chemchemi likafunguka, na maji yakaja, polepole, yakamfika kiunoni, yakamfika masikioni. Kiboko akafumbua macho. Lundo hakuna. Ubani hakuna. Yeye yuko ndani ya tope na maji, ametazama juu.

Akajaribu kusimama, akateleza. Akajaribu tena, akateleza tena. Akafungua mdomo wake wote.

"Nani amechukua chumvi yangu?"

Panya buku hawakukimbia. Na siku hiyo hapakuwa na shavu lililojaa. Wakajibu wote kwa pamoja, wazi kabisa, sauti ambayo mbuga ile haikuwahi kuisikia.

"Mtani wako."

Kiboko alijaza kifua aungurume. Korongo akashusha mguu wake wa pili, akakohoa.

"Bwana Kiboko," alisema, "nakukumbusha kiapo. Ukikasirika utatozwa ulichobakiza. Na mimi naona umebakiza hayo maji tu."

Kiboko aliyatazama maji. Alimtazama Korongo. Alimtazama Mwavita, mdogo kama ngumi, amekaa ukingoni amekunja mikono. Hasira ilikuwa imeshafika kooni, haiwezi kurudi, haiwezi kutoka. Ikamlazimu aigeuze.

"Ho," alisema Kiboko. "Ho-ho. Ho-ho-ho-ho."

Na mpaka leo hajathubutu kuacha. Ukipita karibu na maji ukamsikia Kiboko anacheka ho-ho-ho, usidhani amefurahi.

Basi, Bi Mashavu alitaka kuwabebea watoto wale chumvi yao hadi nyumbani. Mwavita akakataa. Alisema mashavu yale yamebeba vya kutosha. Lakini pimbi hawana mashavu ya kubebea, na kifuko kilikuwa tumboni mwa Kiboko. Wakafikiri. Kisha Ndaro akajitupa kwenye tope la chumvi, akagaagaa, akatoka, akasimama juani mpaka akakauka. Mwavita naye akafanya vivyo hivyo. Panya buku wakawapaka pale pasipoenea, nyuma ya masikio, chini ya kidevu. Wakawa weupe wawili, kama pimbi waliotengenezwa kwa mwezi.

Safari ya kurudi ilikuwa ngumu kuliko ya kwenda. Hawakuweza kukimbia, maana wakitoka jasho chumvi itayeyuka. Hawakuweza kukumbatiana kukiwa na baridi, maana itabanduka. Wingu lilipotokea, walijificha chini ya magogo wakaliomba lipite. Bi Mashavu aliwapa mizizi ya kula, nayo ilikuwa michungu. Wakatembea kwa adabu, mmoja mbele, mmoja nyuma, tapu, tapu, tapu, kama watu wanaobeba yai la mtu mwingine.

Wakapanda Jiwe la Ukungu alfajiri. Waliotangulia kuwaona walikimbia, wakidhani ni mizimu. Mama hakukimbia. Alikuwa amelala na mapacha, hana nguvu ya kukimbia, na mama hamwogopi mtoto wake hata akija mweupe. Mwavita akaenda akajilaza karibu naye. Mama akanusa. Akaanza kulamba, shingo, bega, mgongo. Akalamba polepole, halafu upesi upesi. Ndaro akasogea upande wa pili. Jua lilipotoka juu ya ukungu, pacha mmoja alinyonya, akatulia, akasikika anameza.

Na wakati mama anawalamba, Mwavita alisimulia. Kila palipolambwa alisimulia pake: hapa ni machimbo ya mwisho, hapa ni njia, hapa mjukuu wa Bi Mashavu mwenye miguu iliyopinda. Pimbi walisikiliza. Wengine walisema watoto wameota kwa jua. Babu Pimbi alikuwa juu ya jiwe lake, mgongo ameupa bonde kama kawaida yake.

Mwisho akauliza kama imebaki kidogo.

"Ipo, Babu," alisema Ndaro. "Nyuma ya sikio langu. Lakini mimi sipandi huko. Shuka hapa, ukae upande huu unaotazama njia."

Babu hakuzoea kuambiwa pa kukaa. Pimbi wote walimtazama. Akashuka, magoti yakilia, akaketi pale alipoonyeshwa. Ukungu ulikuwa unatoka. Chini, mbali sana, njia ilianza kuonekana, nyembamba, ya kijivu. Babu akalamba mara moja, akatulia.

"Hii ina ladha nyingine," alisema.

"Ni ile ile, Babu," alisema Mwavita. "Ni ile ile uliyolamba siku zote."

Hapo ndipo nilipoachiwa, nami nawaachia hapo hapo. Aliyekuwa macho akamsimulie mwenzake, na aliyesinzia amuulize jirani, mimi sirudii.

— Na fundisho je?

Fundisho mnalitaka? Haya. Msiwaruhusu watoto kusafiri. Mtoto aliyekaa nyumbani hurudi kutoka kuchota maji na maji tu. Tena muwaheshimu wakubwa, hasa waliolala juu ya vyenu, msiwaamshe. Wazikeni vizuri, waimbieni, na muwe mnaanzia chini.